Soko Lililohama Tumboni mwa Mangaza

Wanangu mnaoanza labo, kuna kitu ambacho kazi hii huenda ikawanyang'anya, na sidhani mwalimu yeyote atawaambia: watu wa kula nao. Wenzangu walipewa damu, wengine makohozi. Mimi nilipewa mavi, nikazeeka nayo. Tulipokuwa tunaandika matokeo tuliandika "selles", kwa sababu Kifaransa hakinuki, lakini mtaani hapa Kisangani waliniita Papa Nyei, kwa Kilingala, ili kila mtu aelewe nilikuwa nashika nini mchana kutwa.

Kwenye matanga, wanaume tunapokaa kuzunguka sahani moja kubwa ya lituma, ile ndizi iliyotwangwa ambayo bila hiyo mtu wa hapa hasemi amekula, mimi huletewa maji ya kunawa kabla ya wazee. Wageni hudhani ni heshima. Kisha mikono inaingia sahanini, na ukitazama vizuri utaona upande wangu unabaki vilevile. Wenzangu wanakata kwao, wanazunguka na mchuzi, wanafika karibu na vidole vyangu, wanarudi. Hakuna anayesema neno, maana ni watu wenye adabu. Basi mimi namaliza upande wangu peke yangu, nao kwa kawaida ni mkubwa kuliko tumbo langu.

Watu wawili tu walikula nami bila kuchagua upande. Mmoja alikuwa mke wangu, Mama Anto, ambaye amefariki. Wa pili ni mdogo wangu Mangaza, anayekaa ng'ambo ya mto, Lubunga. Habari ninayotaka kuwapa ni yake. Ila mlinijia kutafuta maarifa ya kazi, kwa hiyo tuanzie mezani.

Choo kinasomwa kikiwa bado cha moto. Ameba akipoa anajikunja, anatulia, na wewe utaandika hayupo wakati yupo. Wagonjwa waambieni hivyo, lakini chungeni maneno yenu. Mimi nilimwambia mama mmoja wa Mangobo, "Lete kikiwa cha moto," akaniletea ndani ya termosi. Kilikuwa cha moto kweli. Alisimama pale dirishani akingoja nimrudishie termosi yake.

Chukueni kidogo, kidogo kuliko mnavyofikiri. Mkiweka kioo juu ya gazeti na maandishi yakasomeka, hapo mmepatia. Tone la maji ya chumvi upande huu, tone la lugoli, ile dawa ya iodini, upande ule. Kile kioo chembamba cha juu kilazeni polepole kuanzia ukingo mmoja, mkikiangusha tu mtafungia hewa ndani, na hewa kwa macho ya mgeni inafanana na kila kitu. Mwezi wangu wa kwanza niliona vitu vya mviringo vinang'aa katika kila choo kilichopita mbele yangu, nikaandika ameba, ameba, ameba. Papa Lokwa, aliyenifundisha kazi, mtu wa Isangi aliyezaliwa kwenye mtumbwi wa pirogi na aliyezungumza taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika, alisoma majibu yangu, akafungua kwanga aliyoletewa kwa chakula cha mchana, akakata kipande, akakipaka juu ya kioo, akadondosha lugoli.

"Angalia."

Nikaangalia. Yaleyale ya mviringo, yamekuwa meusi ya bluu.

"Iko nini?" aliniuliza.

"Ameba," nikasema, maana nilikuwa na kiburi.

"Iko muhogo, mwana. Bon. Weye ulipatia muji mzima ugonjwa ya muhogo."

Kisha akakaa, akala ile kwanga iliyobaki palepale mezani, jambo ambalo ninyi msilifanye.

Ni yeye aliyenipa sheria niliyoifuata hadi nilipozeeka. Chini ya mikroskopi, nyuma ya kila kitu mnachokitafuta, kuna vumbi linalotikisika: vijiti vidogo, nukta ndogo, vinajaa kila pembe. Hizo ni bakteria za tumbo, wenyeji wake. Nilipomuuliza kama niziandike, alicheka kidogo.

"Ile iko soko. Soko inajaaka kila siku, hakuna mutu anaandika soko. Weye tafuta tu mwizi."

Basi nikatafuta mwizi. Minyoo, ameba, mayai ya safura. Nikimpata naandika misalaba, alama ya kwamba yupo, daktari anaandika dawa, mwizi anakufa. Nisipompata naandika "négatif", maana yake hakuna kitu. Kazi yangu yote ilikuwa kutazama kupita lile soko, na sikuona kama nakosa chochote.

Nilipokaribia kustaafu, alikuja Daktari Nsimire, binti wa Bukavu, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Alikuwa na tabia moja niliyoipenda: alikuwa anakuja mwenyewe labo badala ya kungoja karatasi. Siku moja aliinama kwenye mikroskopi yangu, akakaa pale hadi nikadhani amesinzia.

"Papa, hapa unaona nini?"

"Hakuna kitu, docteur. Négatif."

"Na hizi zote?"

"Ile iko soko," nikamwambia, nikamweleza sheria ya Papa Lokwa.

Alivuta kigoda akaketi. Wengine wangenicheka. Yeye alisema Papa Lokwa alitaja jina zuri, ila alisahau kwamba soko nalo linafanya kazi. "Weye unakula majani ya sombe, unakula maharagwe," alisema. "Iko sehemu tumbo yako haiwezi kuvunja. Ile soko njo inaivunjaka, inakupatia nguvu yenye ungepoteza. Alors, batu wawili banaweza kukula sahani moja, na mwili ya mumoja ikachota zaidi."

Akanieleza kwamba kwa watu wengi wenye unene wa kupita kiasi, wamekuta soko limepangika tofauti. Kwamba panya waliokua bila bakteria hata moja, wakipewa zile za panya mnene, nao huongezeka mafuta kuliko wenzao waliopewa za panya mwembamba, chakula kikiwa kilekile.

"Donc bakteri njo inaletaka unene," nikasema.

"Apana, papa. Inaweza kuchangia. Kuko chakula, kuko damu ya familia, kutembea, usingizi, kuko madawa. Panya si mutu. Hatujamaliza kujua. Usiangushe ile 'inaweza', tafadhali, juu njo kitu nguvu kuliko yote nimesema."

Na akaongeza kwamba vidonge vya antibiotiki, vikimezwa ovyo, vinavuruga lile soko, na pengine navyo vina mchango. Aliposema hivyo mimi nilikuwa nimeshamfikiria Mangaza.

Mangaza aliolewa Lubunga na mtu wa reli, akazaa, akafiwa, akabaki huko na shamba lake la mpunga. Ujana wake alikuwa mwembamba, tena shangazi zetu walilalamika. Baadaye zikaja homa. Kila homa ikaitwa tifoidi, na kila tifoidi ikapewa vidonge, vingine na muuguzi, vingine na wale vijana wanaotembeza sinia sokoni. Mwili ukaanza kuongezeka. Mwanzoni tulishangilia, mnatujua, mwanamke akijaa tunasema mambo yake ni mazuri. Ukaongezeka tena, ukapita pale tunaposhangilia. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge. Ninachojua ni kwamba nilikula naye kila Jumapili tangu Mama Anto afariki, na hakuwa akinizidi hata matonge mawili.

Jumapili ile ndiyo ilikuwa wiki yangu. Watoto wangu wako Kinshasa. Wanapiga simu, wanauliza kama nimekula, nami nasema nimekula. Lakini Jumapili Mangaza alivuka mto na samaki wake ndani ya majani, liboke bado linatoa moshi, tukaketi na sahani moja katikati, tukasengenya watu waliokufa zamani.

Kilichotuharibia ni harusi ya mpwa wetu. Wanawake walikuwa wamezunguka sahani, Mangaza akanyoosha mkono, na mke wa mjomba wetu akasema kwa sauti ya mchezo, "Mangaza, achia na bengine." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nilikuwepo, nilisikia. Mangaza naye akacheka. Akarudisha mkono, akaufuta kwenye kitambaa, na tangu siku ile hakutia chakula kinywani mbele ya mtu yeyote.

Hata mimi. Alikuja Jumapili kama kawaida, akafungua liboke, akalisukuma kwangu. "Kula, yaya," aliniambia, maana mimi ni kaka yake mkubwa. "Mi nilishakula." Nikala peke yangu huku dada yangu akinitazama mbele yangu. Samaki alikuwa mtamu nami nilitamani kulia. Nikimsihi, anasema ameshiba. Nikinyamaza, ananiuliza mbona sili. Tukafika mahali ambapo sahani ilikuwa kama mtu wa tatu aliyetukosanisha.

Kisha ikaja pirogi. Mpiga kasia alianza kumpanga: "Mama, keti katikati. Beye benye kuko kule, musogee, mutainamisha pirogi." Kila Jumapili, mbele ya abiria wote. Akaacha kuvuka. Alituma salamu kwamba magoti yanamuuma, nami nikajibu pole, kwa sababu nilijua si magoti. Nilipovuka mimi, nilimkuta amekaa mlangoni, sufuria imeshaoshwa na kupinduliwa juani ili nisiulize. Ndivyo tulivyoishi, yeye akila peke yake Lubunga kwa sababu ya mwili wake, mimi nikila peke yangu upande huu, Makiso, kwa sababu ya mikono yangu, na mto katikati.

Daktari Nsimire akaalikwa redioni kuzungumza habari za tumbo. Nilimsikiliza nyumbani. Alisema "inaweza" hadi mtangazaji akachoka. Lakini redio ya Lubunga ina mikwaruzo yake, na mtu anayeteseka husikia kile anachokihitaji. Mangaza alisikia kwamba ndani ya tumbo kuna bakteria zinazoleta unene. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amesema kwamba huenda kosa si la mkono wake.

Sasa niambieni, sisi hapa kitu chenye uhai kikiwa tumboni tunakifanya nini? Tunakifukuza. Tangu utoto. Dawa ya minyoo likizo ikianza, na Jumamosi mama anakulaza kwenye mapaja yake na ile poire, enema ya mpira ya kusukumia kwa nyuma maji ya vuguvugu, pilipili kidogo, tumbo lisafishwe. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na kazi yangu ilinithibitishia hivyo kwa misalaba. Mangaza akafanya yote kwa mpigo. Akanunua vidonge vya rangi mbili kwenye sinia, vya aina zote alizoonyeshwa, akameza asubuhi na jioni. Akanywa dawa ya minyoo. Akajipiga poire ya pilipili, akarudia. Alitaka kuzitoa zote asibakize hata moja.

Asubuhi moja jirani yake, Mama Feza, alisimama dirishani kwangu na kikopo kilichofungwa kwa jani.

"Papa Labo, hii iko ya Mangaza. Anaharisha tangu juzi, hawezi tena kusimama. Tulimufikisha centre de santé, lakini bale banasema labo yabo haina mutu leo."

Niliweka kioo. Nikaanza na lenzi ndogo kama mtakavyofundishwa, safu moja kwenda, safu moja kurudi. Hakukuwa na mwizi. Ameba hakuna, minyoo hakuna. Nikapanda lenzi kubwa, na hapo ndipo nikaona. Soko halikuwepo. Vijiti, nukta, lile vumbi lililonisumbua macho tangu ujana, vilikuwa vimepungua hadi nikaweza kutazama pembe nzima isitikisike kitu. Chachu tu, mviringo mviringo, zilikuwa zimeanza kuota pale palipoachwa wazi. Nilifuta lenzi nikadhani ni uchafu. Nilitengeneza kioo kingine. Palikuwa patupu vilevile.

Kwa sheria ya Papa Lokwa jibu lilikuwa "négatif". Sikuweza kuliandika. Niliogopa, wanangu, niliogopa kwamba dada yangu atakufa, na kwamba nitabaki duniani bila mtu hata mmoja anayejua sahani yangu. Nilimwita Daktari Nsimire. Alitazama, akaninyanyua kwa kiwiko, akasema, "Twende tuvuke."

Tulimkuta Mangaza pale kituo cha afya, kwenye kitanda cha kando ya ukuta, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Daktari alimtafuta mshipa kwa muda mrefu, akaupata, maji ya serumu yakaanza kuingia. Vidonge vilivyobaki alivikusanya kutoka kwenye kitambaa cha kichwa ambamo Mangaza alikuwa amevifunga, akampa Mama Feza akavitupe chooni. Mangaza aligeuza uso kwangu.

"Yaya, zilitoka?"

"Zilitoka."

"Zote? Zile za unene?"

"Zote, Mangaza. Na zenye zilikuwa zinakusaidia, nazo zilitoka."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, bila kulia, na hilo lilinichoma zaidi, "Nilifikiri nikipungua nitarudia kukula na batu."

Daktari Nsimire alikuwa amesimama na chupa ya serumu mkononi. Nilimwona akigeuka kutazama dirisha.

Serumu ilimrudisha. Kuhara kukapungua, kisha kukakoma, sauti yake ikarudi, na siku alipomgombeza Mama Feza kwa kutwanga sombe vibaya nikajua amepona. Nilimuuliza daktari soko linarudi vipi. Akasema sehemu kubwa hurudi lenyewe, taratibu, na nyingine pengine hairudi. Ale majani, maharagwe, ndizi, matunda, asimeze kidonge bila mtu aliyempima. Na akasema kitu ambacho nilimwomba akirudie: watu wanaokaa nyumba moja, wanaoshiriki maisha, hukutwa na masoko yanayofanana. Hupitishiana bila kujua.

"Hiyo itamupunguza?" nikamuuliza.

"Sitakudanganya, papa. Sijui."

Wala hakupungua. Nawaambia mapema ili msije mkangojea. Ugonjwa ulimpunguza, na mwili ulirudi pale pale ulipokuwa, pengine ukaongeza kidogo. Anatembea hadi shambani na kurudi, anakula majani mengi, daktari anampima, na Mangaza bado ni mnene. Kama mlitaka habari ya mama aliyekonda, mlikuja kwa mzee asiye sahihi. Ninyi mtakaosoma zaidi yangu, litazameni lile soko, huenda mtatuambia siku moja nani anauza nini. Ila mkipeleka habari, pelekeni na ile "inaweza".

Jumapili baada ya yeye kurudi nyumbani nilivuka. Nilikuwa nimepika mwenyewe, lituma na kuku wa mosaka, ule mchuzi wa mawese, na mnaojua kupika mngelia, maana lituma ilikuwa na mabonge na mosaka imeshika chini. Mpiga kasia aliniuliza kwa nini nimekumbatia sufuria kama mtoto. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini Mangaza, hadi tukagusa ng'ambo.

Mangaza alikuwa mlangoni, sufuria yake imeshapinduliwa juani. Nilitandika mkeka, nikaweka sahani moja katikati. Nikanawa kwa sabuni, vizuri, msije mkaenda kusema Papa Labo anafundisha uchafu. Nikammiminia naye maji. Alinawa, labda kwa heshima tu, kisha akaiweka mikono yake juu ya mapaja.

"Kula, yaya. Mi nilishakula."

Sikula. Nilimwambia, "Mangaza, docteur anasema soko yako iko wazi, inangojea bachuuzi. Na batu benye kukula pamoja banapitishianaka. Sasa, mi niko Papa Nyei. Katika hii Kisangani yote, kama kuko mutu eko na bakteri ya kugawa, njo mimi. Batu banaogopaka hata upande yangu ya sahani."

Alinitazama. Alijua matanga yale, alikuwa akiyaona kutoka upande wa wanawake, lakini hatukuwahi kulitaja jambo hilo, sisi wawili. Mdomo wake ukaanza kucheza. Kisha akacheka, kile kicheko cha tumbo zima, mkeka ukatikisika, jirani akachungulia.

Nilikata tonge upande wangu, nikachovya, nikala, kibaya kama nilivyokipika. Nilikuwa nimeinamisha kichwa ili asione kwamba nangojea. Nikaona mkono wake unashuka. Ulipita upande wake wa sahani, ambao haukuwa umeguswa, ukaja hadi kwangu, pale vidole vyangu vilipokuwa vimepita, ukakata tonge pale.

"Iko na mabonge," akasema, mdomo umejaa, akakata lingine.